Kofia ya Zalifa Kwenye Joho la Fundi Abdu

Jamani, mkasa huu nausimulia mwenyewe kabla hamjausikia kwa wengine, maana watu wetu wote wa asili ya Ngazidja walioko mji wa Mahajanga, huku kwa Wamalagasi, wanaujua, na hadi leo nikipita mtaani kuna watu wazima wenye ndevu zao wanaojipapasa nyuma, pale pa kukalia, wakijifanya wanatafuta kitu kilichowanata. Aibu yangu haina pa kujificha. Basi bora niitoe kwa mdomo wangu, na kwa Kiswahili hiki nilichokiokota Unguja miaka ile niliyokaa kwa shangazi nikiuza karafuu na vanila, kwa sababu huku kwetu hakuna anayekizungumza: sisi huku ni Kimalagasi, Kifaransa cha kujitapia, na Kikomoro tukiwa na wazee. Kwa hiyo maneno mtakayosikia watu wakisema humu nimeyatafsiri (matusi nimeyaacha hukohuko).

Naitwa Madi. Kazi yangu iko Ambondrona, kisiwani Nosy Be, kwenye hoteli ndogo ya ufukweni ya mama mmoja tunayemwita Madamu Soa. Zamani nilikuwa wa kupeleka wageni kutazama samaki, lakini mvua zikianza bahari inachafuka, boti hazitoki, na wageni wanakaa barazani wamenuna kana kwamba sisi ndio tulioileta mvua. Ndipo Madamu akaagiza ile miwani mikubwa inayofunika nusu ya uso, ambayo ukiivaa unajiona uko chini ya bahari, nyangumi anakupita juu ya kichwa, kasa anakuja mpaka puani, na kumbe umekaa kwenye kiti cha ukindu unapapasa hewa mbele ya watu. Wasomi wanaiita miwani ya uhalisia pepe. Sisi tuliita miwani tu, na mimi nikawa bwana wa miwani.

Sasa, miwani ile ilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba haivaliki. Uzito wake wote uko mbele, juu ya pua, na nyuma inashikwa na mkanda mwembamba wa lastiki, kwa hiyo mgeni hajamaliza hata kumwona kasa, anaivua, ana alama nyekundu mashavuni, na anasema shingo inamuuma. Lile sponji la kuzunguka macho nalo lilikuwa linakunywa jasho (na dada wa mapokezi, ambao hujipaka uso masonjoany, liwa letu la njano, waliijaribu mara moja tu, sponji likageuka rangi ya manjano na likagoma kurudi). Madamu aliniita akaniambia, "Madi, kama watu hawakai ndani ya miwani, mimi sina haja ya bwana wa miwani."

Maneno hayo yalinichoma kuliko alivyodhani. Nilikuwa nimeshapeleka posa Mahajanga, kwa Zalifa, binti wa Fundi Abdu, na yule mzee (fundi kwetu ni mwalimu wa dini, mtu wa kuheshimiwa, si wa misumari) alikuwa hajajibu. Alichotaka kujua ni kimoja tu: huyu Madi kazi yake ni nini hasa? Mjomba wangu Saidi, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na alijaribu kumweleza kwamba ninawavalisha Wazungu kitu usoni wakaona nyangumi. Fundi Abdu akamuuliza kama mimi ni mganga.

Basi nikaanza kuitengeneza. Nilitoa lile sponji nikatia mto mdogo wa sufi, nikauvisha foronya za kitambaa cha lambahoany, kanga yetu ya huku, za kuvuliwa na kufuliwa, kila mgeni na foronya yake. Hapo mashavu yakapona. Nikashona mfuko nikautia chubwi za nyavu, vile vipande vya risasi vya kuzamishia, nikauning'iniza nyuma ili uzito wa nyuma uvutane na wa mbele. Wazo zuri, ila ule mkanda wa lastiki haukuweza kubeba ugomvi wa pande mbili, ukawa unateleza, na mama mmoja wa Kifaransa miwani ilimshuka mpaka kidevuni huku chubwi zikimpiga mgongoni, akapiga kelele akidhani ni papa.

Nikajua dawa si mkanda. Dawa ni kitu kigumu kidogo, kinachokaa kichwa kizima, chenye kupitisha hewa. Nikakaa nikafikiri, nikajikuna kichwa, na kidole kikagusa kofia.

Hapa ndipo nilipopotea, na naomba msikilize vizuri. Kofia niliyokuwa nimevaa haikuwa ya dukani. Kwetu msichana akikubali posa kwa upande wake, humshonea mwanamume kofia ya mkono, ile nyeupe yenye vitundu vidogo vidogo vya darizi, kila kitundu kinazungushiwa uzi peke yake, na kazi hiyo inakula miezi na miezi na macho pia. Zalifa alikuwa amenishonea. Ilikuwa ngumu bila kuumiza, nyepesi, na vile vitundu vinapitisha upepo kama dirisha. Nilijaribu kwanza kofia za mashine za sokoni, wallahi nilijaribu, lakini ukizitundikia chubwi zinalegea kama chapati.

Nikajiambia: siiharibu, naiongezea tu. Nikaipeleka Dzamandzar kwa mshonaji mmoja mama mtu mzima, ana cherehani nzito ya kushonea magunia tangu enzi za kiwanda cha sukari, nikamwambia anishonee velkro juu yake. Mnaijua velkro, ule utepe wa viatu vya watoto unaolia *khraaa* ukiubandua. Upande laini nilibandika kwenye miwani na kwenye mfuko wa chubwi. Upande wenye vimeno, mweupe ili usionekane, ukashonwa kwenye kofia: mmoja mbele, mmoja katikati ya utosi, mmoja nyuma. Yule mama aliigeuzageuza kofia, akauliza, "Aliyeishona anajua?" Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu. (Mtaalamu mimi!)

Lakini ilifanya kazi, jamani, ilifanya kazi! Mtu anavaa kofia, miwani inanata mbele, chubwi zinanata nyuma, kichwa kinakaa sawasawa kama mizani ya muuza nyama mwaminifu. Wageni wakawa hawataki kutoka. Ikabidi niwaguse bega kuwakumbusha chakula cha mchana. Madamu Soa akaniambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba mimi sasa ni wa kudumu, na mimi nikatembea ufukweni siku ile kifua mbele, jioni nabandua miwani, navaa kofia yangu, narudi nyumbani. Kofia imebaki kofia, nikajisifu.

Kisha Mjomba Saidi akapiga simu. Fundi Abdu atatoa jibu Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwake. "Njoo na hicho kitu chako akione," akasema, "na usisahau kofia." Hakuwa na haja ya kusema. Mwanamume aliyeshonewa kofia na binti, siku ya jibu akienda kwa baba wa binti na kofia nyingine, ni sawa na kuirudisha posa mwenyewe.

Nikachukua wembe nitoe velkro. Yule mama wa Dzamandzar alikuwa ameshona kama anayefunga gunia la sukari liendalo Ulaya. Kila nikikata uzi wa kwake, wa Zalifa nao unatikisika. Nikaacha. Nikasimama mbele ya kioo, nikaigeuza kofia huku na huku, nikaona velkro ni nyeupe, darizi ni nyeupe, nani atachungulia? Nikavuka kwa boti mpaka Antsahampano, upande wa bara, nikapanda gari la abiria, na barabara ya kwenda Mahajanga nisiieleze, itoshe tu kwamba niliipakata miwani mapajani safari nzima kama mtoto mchanga, na kila shimo lilipotupiga nilikuwa naiinamia.

Dalili zilikuwepo, ila mimi sikutaka kuziona. Asubuhi ile ya Ijumaa nilipofika kwa Mjomba, mke wake alinikumbatia kwa furaha, na tulipoachana shela yake ikabaki kichwani kwangu. Tukacheka, akaibandua, *khraaa*, uzi mmoja mrefu ukatoka. Akasema, "Madi, kofia yako inauma!" Nami nikacheka naye, mjinga mimi.

Msikitini palijaa mpaka mlangoni. Fundi Abdu alikuwa safu ya mbele ndani ya joho lake jeusi la sufu, maana yeye ameshamaliza harusi kubwa ya kimila, ni mtu mwenye cheo, na Ijumaa bila joho kwake haipo hata joto liwe la kukaanga. Mjomba, kwa kuniheshimisha, akanisukuma nikae safu ya pili, nyuma yake hasa, ili akigeuka kutoa salamu anione na kofia ya mwanawe. Nilimwamkia chinichini, "Kwezi," kama tunavyowaamkia wakubwa, akajibu "Mbona" bila kugeuka. Nikaona mambo mazuri.

Tukaanza sala. Rakaa ya kwanza tukasujudu, watu tumebanana, na upande wa nyuma wa joho la Fundi umelala juu ya mkeka, pale kichwa changu kilipotakiwa kutua. Kikatua. Alipoinuka kwa ajili ya rakaa ya pili nikasikia upepo utosini.

Upepo ule naujua. Nina kipara kidogo katikati, si kikubwa, ukubwa wa kitumbua, ambacho ukoo wa Zalifa haukuwa na habari nacho. Niliposimama nikatazama mbele kwa jicho la chini, na kofia yangu nikaiona: imenata kwenye joho la Fundi Abdu, pale pale pa kukalia, mdomo wazi, nyeupe juu ya nyeusi, unaweza kuiona kutoka bandarini.

Mtu aliye ndani ya sala atafanya nini? Mkono siwezi kunyoosha. Kucheka siwezi, kulia siwezi. Jamaa wa kulia kwangu nilimsikia pumzi zimembadilika, zinatoka puani kwa vishindo, na wa kushoto bega lilianza kumtetemeka. Fundi akarukuu, kofia ikapanda juu ikanitazama usoni. Fundi akasujudu, kofia ikasujudu. Nikamwomba Mungu mambo mengi siku ile, lakini sala yangu, nikiri, ilikuwa ni velkro tupu. Kisha tukakaa kitako, na Fundi akakaa juu ya kofia ya mwanawe, nikamwona anajisogeza kidogo, upande huu, upande ule, mtu anayehisi kuna kitu lakini heshima ya mahali inamkataza.

Imamu akatoa salamu. Pakatulia kwa ajili ya dua, mikono imeinuliwa, haisikiki ila sauti ya imamu. Na mimi, kwa akili ile ile iliyonipeleka Dzamandzar, nikaona huu ndio wakati. Fundi amejiinua kidogo kutafuta nafasi ya goti, nikapeleka vidole taratibu, nikashika ukingo wa kofia, nikavuta.

*KHRAAAAAA.*

Dua ilikatika. Nawaambia imamu mwenyewe alinyamaza. Safu zote zilitugeukia, na walichokiona ni Madi, kichwa wazi, mkono mmoja uko nyuma ya joho la Fundi Abdu, mkwewe mtarajiwa, na sauti ile imetoka hapo. Sina haja ya kuwaeleza watu walidhani sauti ile ni ya nini.

Fundi akageuka polepole. Kofia ilikuwa imebanduka nusu, inaning'inia. Akaipapasa, akaivuta mwenyewe (*khraa* ya pili, fupi), akaiinua mbele ya macho yake, na akaitambua, maana imeshonwa sebuleni kwake, alikuwa akiruka nyuzi zake kila akipita kwenda kutia udhu.

"Hii ni ya mwanangu," akasema. "Na haya meno ni ya nani?"

Nikajibu, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, "Ni ya kupunguza uzito wa miwani, Fundi."

Pale nyuma mzee mmoja akauliza kwa Kimalagasi, kwa nia njema kabisa, "Miwani gani hiyo inayovaliwa nyuma?" Basi. Msikiti ukavunjika. Niliona wazee waliokwenda hija wanafuta machozi kwa kanzu zao, na Mjomba Saidi, msemaji wangu, ukuta wangu, aliziba uso kwa viganja akabaki hivyo, nikadhani bado anaomba dua.

Nilitamani nirudi stendi moja kwa moja. Lakini Zalifa alikuwa anasubiri jibu kama mimi, na nikikimbia, kicheko chote kitamwangukia yeye. Nikaenda kwao. Tulikaa mikekani, wazee upande huu, Mjomba na mimi upande ule, hakuna aliyekula hata sambusa. Fundi Abdu aliiweka kofia mbele yake, akasema, "Leta hicho kitu."

Nikakifungua. Nikambandikia miwani kwenye kofia, chubwi nyuma, foronya mpya, nikamwomba radhi, nikamvalisha kichwani, nikawasha. Mzee akanyoosha shingo. "Maji," akasema. Halafu akasema, "Aa." Halafu akaegemea mto na akanyamaza. Tukangoja. Wazee wakatazamana. Mjomba akakohoa kwa adabu. Fundi anatazama bahari tu, mimi nikisema sasa anajua kazi yangu ni nini, hata akinikataa atanikataa akiwa anajua.

Kisha tukasikia mkoromo.

Fundi Abdu alikuwa amelala, jamani, amelala fofofo na nyangumi wake, na hakuna aliyethubutu kumwamsha mtu mwenye cheo kile nyumbani kwake. Kwa upande wa ufundi, ilikuwa siku ya ushindi wangu mkubwa kabisa. Kichwa hakikupinda, miwani haikuteleza, mashavu hayakuwa na alama. Wazee wakaanza kula sambusa taratibu, na mimi nikawa katikati, mchumba wa kungojea jibu la mtu anayekoroma.

Hapo akaingia Zalifa na sinia la chai. Habari za msikitini zilikuwa zimemfikia (zilifika kabla yetu), na nilidhani atacheka au atanikasirikia kwa ajili ya baba yake. Hakumtazama baba yake usoni. Alitua sinia, akazunguka nyuma ya mto, akainama karibu na ule mfuko wa chubwi, akaubandua polepole sana ili mzee asiamke, na akapitisha kidole juu ya velkro ya nyuma.

"Hapa," akaniambia, "chini ya hii, niliandika jina langu. Kwa vitundu. Hukuliona?"

Sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeivaa kofia ile kila siku, nimeipima, nimeigeuza mbele ya kioo, nimetafuta ni wapi itabeba uzito bila kunyonga, na sikuwahi kuisoma. Nikasema, "Azafady, Zalifa," yaani niwie radhi, kwa Kimalagasi, kwa kuwa ndiyo lugha tuliyocheza nayo tukiwa watoto, na sikuongeza neno la utaalamu hata moja. Niliona haya kuliko msikitini. Msikitini nilichekwa tu.

Fundi Abdu akashtuka, akainua miwani mpaka kwenye paji la uso, akatutazama wote kama sisi ndio tuliolala. Akasema shingo yake, ambayo humsumbua kila Ijumaa kwa uzito wa joho, haimuumi. Akasema kazi hii sasa ameiona na ni kazi ya halali. Mjomba akavuta pumzi. Kisha mzee akaivua ile kofia, akampa Zalifa, akasema, "Lakini aliyekosewa si mimi. Jibu litatoka kwake."

Zalifa aliigeuza kofia mikononi kwa muda. "Nakubali," akasema, na mimi nikaanza kutabasamu mapema mno, "ila hii haivaliki tena. Siku ya harusi atavaa kofia ya mkono kama desturi ilivyo. Na ataishona yeye."

Wazee walicheka kuliko msikitini. Yeye hakucheka.

Basi ndivyo nilivyo mpaka sasa. Miwani nimeitengenezea kichwa cha mti mwepesi na ngozi, hakipendezi, na wageni wanalalamika kidogo, wavumilie. Mimi nakaa barazani Ambondrona na kitambaa cheupe na sindano, vidole vina matundu mengi kuliko kofia, na Madamu Soa akipita ananiuliza harusi lini, namjibu itategemea uzi. Nimejifunza kwamba kitundu kimoja, ukikizungusha vizuri, kinakula muda wa chai nzima kupoa. Nimeapa sitatia tena velkro, chubwi, wala akili zangu kwenye kitu alichonishonea mtu kwa mikono yake, kabla sijakitazama mbele na nyuma na kuuliza kilichoandikwa. Jina lake nimeanza nalo, nyuma, kwa vitundu. Nilipomaliza herufi zote (mbili zimepinda kidogo) nikaipiga picha nikamtumia kwa simu, nikangoja kama nilivyongoja siku ile baba yake akikoroma.

Jibu lake lilikuja neno moja: "Fumua."